Matumizi ya nishati ya skrini mguso

Matumizi ya nishati ya skrini mguso ni kiasi cha umeme ambacho kifaa hutumia ili kutambua mahali kidole kilipogusa kioo chake. Skrini za aina hii hupatikana kwenye simujanja, tableti, saa janja, mashine za kutolea pesa na vifaa vya hospitali. Wahandisi hutafuta njia za kupunguza matumizi hayo bila kupoteza usahihi, yaani bila skrini kukosea mahali pa mguso, kuchelewa kujibu au kusajili mguso ambao haukuwepo.

Umeme huo ni kidogo ukilinganishwa na ule unaowasha mwanga wa skrini. Hata hivyo mwanga huzimwa kifaa kisipotumika, wakati sehemu ya mguso hukesha usiku na mchana kwenye vifaa vinavyoamshwa kwa kugonga kioo.

## Historia

Mwaka 1965 mhandisi Mwingereza E. A. Johnson, wa kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alichapisha makala fupi kuhusu skrini iliyotambua mguso wa kidole. Katika miaka ya 1970 Frank Beck na Bent Stumpe walitengeneza skrini mguso kwa ajili ya chumba cha kuongozea mitambo ya CERN karibu na Geneva, Uswisi. Mitambo hiyo ilipata umeme wa gridi, hivyo suala la betri halikuwepo. Lilipata uzito baada ya skrini mguso kuingia mifukoni mwa watu, hasa tangu iPhone ilipotoka mwaka 2007.

## Namna inavyofanya kazi

Skrini nyingi za simu hutumia kanuni ya kapasita. Kapasita ni vipitishi viwili vya umeme vilivyotenganishwa na kihami, ambavyo huweza kuhifadhi chaji. Chini ya kioo kuna mistari myembamba ya kipitishi kinachopenya mwanga, kwa kawaida oksidi ya indi na stani. Mistari mingine imelala na mingine imesimama, na kila inapopishana hutokea kapasita ndogo. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia hubadilisha uwezo wa kapasita hizo.

Kuna njia mbili za kupima:

* Kupima kila mstari peke yake. Skrini yenye mistari mlalo 16 na wima 32 huhitaji vipimo 48 tu. Kasoro yake huonekana vidole vinapokuwa viwili. Mistari mlalo miwili na wima miwili huonyesha badiliko, nayo hupishana mahali panne. Mbili ni za kweli na mbili ni za uongo, na kifaa hakiwezi kuzitofautisha.
* Kupima kila makutano. Ishara ya umeme hutumwa kwenye mistari mlalo kwa zamu na kusomwa kwenye mistari wima. Skrini ileile sasa ina vipimo 512. Vidole vingi hutambuliwa bila utata, lakini kazi ni kubwa zaidi.

Mistari huachana kwa takriban milimita 4 hadi 5, ilhali mahali pa mguso hujulikana kwa usahihi wa chini ya milimita 1. Hilo huwezekana kwa sababu kidole kimoja hugusa makutano kadhaa, na kifaa hutafuta kitovu chake kwa kulinganisha ukubwa wa badiliko la kila moja.

## Kwa nini usahihi hugharimu nishati

Badiliko linalosababishwa na kidole ni dogo sana, mara nyingi sehemu tu ya pikofaradi moja. Ishara hiyo huchanganyika na kelele, yaani umeme usiotakiwa kutoka kwenye skrini yenyewe, chaja au mazingira. Kelele ikizidi, kitovu kilichokokotolewa huyumba. Ndiyo sababu simu iliyochomekwa kwenye chaja hafifu huweza kuandika herufi ambazo mtumiaji hakuzigusa.

Dawa rahisi ni kurudia kipimo na kuchukua wastani. Lakini kelele za kubahatisha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Ili kelele ipungue kwa nusu, vipimo vinapaswa kuwa mara 4.

Njia nyingine inayofikiriwa ni kushusha volteji. Nguvu inayotumika kuchaji mistari hufuata kanuni

P = C × V² × f

ambapo C ni uwezo wa kapasita, V ni volteji na f ni idadi ya machajio kwa sekunde. Volteji ikipunguzwa kwa nusu, nguvu hushuka hadi robo. Hata hivyo ishara nayo hupungua kwa nusu wakati kelele imebaki ileile. Kurudisha usahihi wa awali kunahitaji vipimo mara 4, na robo mara 4 ni moja: nishati ya kuchaji inabaki palepale, na muda umepotea. Kwa hiyo akiba ya kweli hupatikana kwa kuacha vipimo visivyoleta habari mpya, wala si kwa kudhoofisha kila kipimo.

## Mbinu za kuokoa nishati

* Kulala na kuamka. Skrini isipoguswa hukagua mistari yake kwa njia ya vipimo vichache, kwa mfano mara 10 kwa sekunde. Ikihisi badiliko huanza kupima makutano mara 60, 120 au zaidi kwa sekunde.
* Kupima penye mguso tu. Vidole viwili vikigusa mistari mlalo mitatu kila kimoja, inatosha kutuma ishara kwenye mistari 6 badala ya 16.
* Kutuma ishara kwa pamoja. Mistari mingi hupewa ishara wakati mmoja, kila mmoja kwa mpangilio wake, kisha hesabu hutenganisha majibu. Usahihi uleule hufikiwa kwa muda mfupi, na vikuza ishara huzimwa mapema.
* Kukwepa kelele. Kifaa husikiliza kwanza bila kutuma ishara, kisha huchagua masafa yenye utulivu. Pia huweza kupima katika vipindi ambavyo skrini haichori picha.
* Kutabiri mwendo. Kichujio cha Kalman, kilichoelezwa na Rudolf Kalman mwaka 1960, hukadiria kidole kinakoelekea. Kidole kikitulia, vipimo hupunguzwa. Kikienda mbio, huongezwa.

## Mfano wa hesabu

Tuchukulie saketi ya mguso inayotumia miliwati 20 muda wote. Kwa saa 24 hutumia wati-saa 0.48. Hiyo ni takriban asilimia 3 ya betri ya simu yenye wati-saa 15, lakini ni asilimia 40 ya betri ya saa janja yenye wati-saa 1.2.

Sasa saketi hiyo itumie miliwati 20 kwa saa 4 za matumizi na miliwati 1 kwa saa 20 za kulala. Jumla ni wati-saa 0.1, yaani chini ya asilimia 1 ya betri ya simu na takriban asilimia 8 ya ile ya saa.

## Mipaka

Skrini inayokaguliwa mara 10 kwa sekunde huweza kuchelewa hadi sekunde 0.1 kuhisi mguso wa kwanza. Aidha joto hubadilisha vipimo vya kawaida vya skrini, hivyo kifaa kilicholala lazima kivisahihishe mara kwa mara, la sivyo kitaamka bila kuguswa. Matone ya maji na jasho pia hupitisha umeme na huweza kudhaniwa kuwa kidole. Kwa sababu hizo nishati iliyookolewa inapaswa kutajwa pamoja na kosa la mahali, ucheleweshaji na idadi ya miguso ya uongo.

## Tazama pia

* Betri
* Kapasita
* Simujanja
* Umeme