Kutoka Mwega Hadi Kamani ya Gesi: Historia ya Jina Lililopotoka

Katika kata ya Shishiyu, mkoani Simiyu, na hata katika gereji za mjini Bariadi, chombo kinachoshikilia mlango wa nyuma wa gari usianguke huitwa "shokapu". Kikichoka, fundi humwambia mwenye gari, "Mzee, shokapu za mlango zimekufa," na mzee huyo huelewa bila ya kufafanuliwa. Msomaji aweza basi kuuliza: kuna haja gani ya wanaistilahi kujisumbua na jina ambalo tayari linatumika na kueleweka? Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba haja ipo, na kwamba mzizi wake umo katika namna gari lilivyoingia katika lugha yetu.

Gari liliingia kwa njia ya masikio. Wakati wa ukoloni vijana waliokuwa wasaidizi katika karakana walijifunza kazi kwa kushika spana na kusikia amri. Vitabu havikuwa vyao. Walichokisikia wakakitamka kwa ulimi wao, na ndivyo tulivyopata breki, klachi, kabureta, plagi, rejeta na gasketi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na shughuli zake za tahajia, vitabu vya shule na kamusi. Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilianza kutoka katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mafundi walitutangulia kwa miongo kadhaa. Huko Usukumani chuo chao kilikuwa malori ya pamba, hasa baada ya vyama vya ushirika vya wakulima kukusanyika mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani. Lori lililobeba marobota likiharibikia njiani, istilahi ilisafiri pamoja na kipuri.

Majina mengine yaliingia yakiwa yamebeba historia isiyotuhusu. "Boneti" kwa Waingereza ilikuwa kwanza kofia ya kike. Wamarekani, kwa sehemu ile ile ya gari, wakatumia jina la kofia ya joho. "Buti" ilikuwa sanduku la mizigo la gari la farasi, na neno lenyewe ni lile lile la kiatu. Sisi tumezipokea zote mbili, na mtoto wa Kitanzania hajui kwamba gari limevaa kofia mbele na kiatu nyuma. Jambo hilo halina madhara yoyote. (Nasi tumelipa kwa namna yetu: mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1953 yalichukua neno "safari", na leo neno hilo latumika duniani kote.)

Magari yaliyotangulia hayakuwa na tatizo tunalolizungumzia. Boneti ya Land Rover za kwanza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, ilitegemezwa kwa ufito wa chuma. Kwa chombo cha namna hiyo Kiswahili kina neno zuri la kale, "mwega", yaani mti au kijiti cha kuegemezea kitu kisianguke. Baadaye magari mengine yakatumia kamani za chuma zilizosokotwa. Mwaka 1962 kampuni ya Stabilus ya mjini Koblenz, Ujerumani, ilianza kutengeneza kwa wingi chombo kipya kinachotumia gesi, na Range Rover iliyotoka mwaka 1970 ilikuwa nacho katika mlango wake wa nyuma wa juu. Leo chombo hicho kimo katika Noah na Probox zinazobeba abiria katika barabara zetu.

Kwa umbo kinafanana mno na shokapu, ambayo kamusi zimeiandika "shokomzoba": kuna silinda, ufito unaoingia na kutoka, na pistoni ndani. Lakini kazi zao zinapingana. Shokomzoba hufisha mwendo: springi ikirusha gari, mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na mtikisiko ukapoa. Chombo cha mlangoni huzaa nguvu. Ndani yake mna naitrojeni iliyoshindiliwa hata ikafikia shinikizo la hewa ya kawaida mara mia moja au zaidi. Kwa kuwa pistoni ina tundu, gesi husukuma pande zake zote mbili. Tofauti inayobaki ni unene wa ufito tu. Ufito wenye kipenyo cha milimita 8, chini ya shinikizo hilo, husukuma kwa nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 50 hivi. Mafuta yamo, ila ni kidogo, ya kulainisha na kupunguza kasi mwishoni.

Hapa ndipo jina lilipoanza kudhuru. Fundi anayeamini kwamba ameshika shokapu huamini pia kwamba ndani mna mafuta tu, na kwamba aweza kulitoboa, kulichomea au kulitupa motoni kama chuma chakavu. Gesi iliyoshindiliwa hivyo hulipuka. Tena huamini kwamba dalili ya kufa ni kuvuja mafuta, kama shokomzoba ivujavyo; kumbe kamani hii hufa polepole mpira wake wa kuzuia mvujo unapochakaa, gesi ikatoka bila kuonekana, hata siku moja mlango ukamwangukia mtu kisogoni.

Wenye magari ya zamani huko Simiyu huagiza vipuri kutoka Mwanza, na wengine hurudia mwega wa mti. Mimi sioni aibu katika mwega. Hata anayebadilisha kamani mpya humpasa kwanza autegemeze mlango kwa mti imara, abandue kibanio kwa bisibisi, atoe ya zamani kwenye gololi yake, moja baada ya moja, kisha aweke mbili mpya kwa pamoja, kwani nzima na mbovu zikichanganywa mlango hupinda. Ufito uelekee chini mlango unapofungwa, ili mafuta yaufikie mpira.

Majina yaliyopendekezwa ni matatu. "Mhimili wa gesi" lina heshima, lakini mhimili hubeba ukiwa umetulia, hausukumi. "Mwega wa gesi" lina kasoro hiyo hiyo, nalo lingetunyima neno la ufito wa kale. Nachagua "kamani ya gesi". Kamani ni neno la asili ya Kiajemi, kutokana na upinde, na upinde ni kitu kinachotunza nguvu na kuirudisha. Wapo watakaosema kwamba vijana wa gereji hawalijui, wao wanajua springi. Basi na iwe "springi ya gesi" katika mazungumzo, mradi iache kuwa shokapu. Katika orodha ijayo napendekeza maelezo haya: kamani ya gesi, nm., silinda iliyojazwa gesi iliyoshindiliwa, yenye ufito unaosukumwa nje ili kuinua na kushikilia mlango au kifuniko. Haitobolewi wala haichomwi.