Cheo cha Kuazima: Kicheko Kilichowafuata Machifu wa Nyanza Kusini

Mzee Ojwang wa kipindi cha runinga cha Vitimbi alikuwa bwana mkubwa asiye na mtu wa kumtii. Ndevu zilipakwa weupe, suti ilimpwaya, amri alizitoa kutwa nzima, na Mama Kayai akazitupilia mbali kwa neno moja tu. Kiswahili chake kilijaa lafudhi nzito ya Kijaluo, hata watu waliapa kwamba mwigizaji yule ni mwana wa ziwani. Sivyo. Alikuwa Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, na hakuwa Mjaluo kabisa.

Watu wa Homa Bay na Migori, huko Nyanza Kusini, walikuwa na sababu ya ziada ya kumcheka. Mzee wa aina ile walikuwa wamemwona kitambo, amevaa kaki na kushika kirungu: chifu wa serikali.

Wajaluo hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Kila piny, yaani nchi ya ukoo mkubwa, ilikuwa na ruoth wake, naye alitawala kwa kusikilizana na wazee. Waingereza walitaka kitu kingine: mtu mmoja wa kumdai kodi ya vibanda na vijana wa kazi. Sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902 ikamtengeneza mtu huyo, na jina la ruoth akavishwa. Wengine walitoka katika nyumba za kale, wengine walibahatika tu kuwa karibu mzungu alipokuwa akitafuta mtu. Heshima waliyoipata ilikuwa ya kuazima, na mwenye mali alikuwa Nairobi.

Haimaanishi wote walikuwa vibaraka. Paul Mboya, mchungaji wa Kiadventista aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha mwaka 1938 kitabu Luo Kitgi gi Timbegi, ambacho hadi leo wazee hukitaja wanapobishana juu ya mila. Waadventista wenyewe walikuwa wamefika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na shule zao zikawafundisha watoto kusoma. Hao waliosoma ndio baadaye waliohoji kwa nini chifu asipingwe.

Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, palikuwa na mtawala ambaye mzaha aliushika mwenyewe. Gor wuod Ogada alikuwa mganga aliyeogopwa, na jina la Mahia alipewa kwa sababu ya miujiza yake. Husimuliwa kwamba maafisa wa kizungu walipomwendea, mara walimkuta mtoto, mara kikongwe asiyejiweza, wakarudi walikotoka. Amini usiamini, ila hapo anayechekwa si chifu, ni afisa. Klabu ya soka iliyoundwa mwaka 1968 ilichukua jina lake, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Mashabiki huliimba jina hilo Nairobi kila wiki. Sijui wangapi kati yao wamewahi kukanyaga Kanyamwa.

Uhuru wa 1963 haukuwaondoa machifu. Sheria yao, Sura ya 128, iliendelea kuwapa meno, na mama mpika chang'aa aliyajua vizuri meno hayo. Mageuzi ya 1997 yakayang'oa mengi. Kisha Machi 2013 wakachaguliwa magavana na wawakilishi wa wadi, na baraza la chini ya mti likapata washindani wenye magari na vipaza sauti. Siku hizi kazi ya chifu hutangazwa, watu wakatuma maombi na kufanyiwa usaili. Hebu mfikirie mjukuu wa ruoth amekaa kwenye foleni hiyo, bahasha ya vyeti mkononi!

Ufahari ndio uliobaki. Wajaluo huuita nyadhi, na mahali pake ni pakruok: mtu anatoa pesa, muziki unasimama, naye anajisifu mbele ya watu kwa ukoo, wakwe na mambo ambayo kila mtu anajua hana. Watu wanacheka, muziki unaendelea. Mwanamuziki D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, aliuchukua ucheshi huo akaugeuza muziki wa benga, akiwasema wakubwa kwa hadithi za wanyama, na nyimbo hizo zilimtia matatani na serikali. Alifariki mwaka 2006.

Huko Senegal, mwongozaji filamu Ousmane Sembène aliwacheka wakubwa wapya wa nchi yake katika filamu ya Xala ya 1975, na bado inatazamwa. Kwetu, filamu ya kuchekesha kuhusu boma la chifu wa zamani, paa la bati limeota kutu na picha ya gavana wa kikoloni bado iko ukutani, mimi sijaiona. Hadithi yenyewe ipo tayari Rongo, Ndhiwa na Kendu Bay, midomoni mwa wazee waliowahi kusimama kwenye jua kali wakimsubiri chifu afike. Vijana wenye kamera, waendeeni wazee hao mwaka huu, maana kila msimu wa matanga wanapungua.