Rimu Kubwa kwa Mambaru: Kile Ndai Yako Inapata na Kile Inalipa

Simama stage ya Kamukuywa wikendi yoyote na utaziona. Impreza imeshushwa, mafla inanguruma kutoka mbali, rimu za inchi 18 zinameta hadi wasee wa boda wanageuza shingo. Luku iko fiti, hakuna mtu anabisha. Shida inaanza ikifika kwa tuta. Dere anashika breki hadi karibu asimame, analipita upande upande kama mtu anavaa viatu vinambana. Halafu akianza kupanda kuelekea Kiminini, Probox imejaa magunia inamkalia kwa bampa.

Kama unapanga kudunga ndai yako rimu kubwa, soma hii kwanza kabla doh itoke mfukoni. Rimu kubwa inaweza kufanya gari ikae kona poa kuliko ilivyotoka kiwandani. Pia inaweza kuifanya nzito, mvivu na hatari. Tofauti iko kwa hesabu ndogo hivi, na unaweza kuifanya na simu yako ukiwa kwa kibanda cha chai.

Anza na maandishi ya tairi

Chuchumaa kando ya gurudumu. Kwa ukuta wa tairi utaona kitu kama 205/55 R16 91V. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni kimo cha ukuta, ikihesabiwa kama asilimia ya ule upana, so hapa ukuta ni kama milimita 113. 16 ni saizi ya rimu kwa inchi. 91 ni kodi ya uzito, maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 615. V ni spidi ya mwisho ambayo tairi imetengenezewa, kilomita 240 kwa saa.

Sasa tafuta kimo chote cha gurudumu, kutoka lami hadi juu. Chukua ukuta mara mbili, kisha ongeza rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, so rimu ya 16 ni milimita 406. Jumla unapata kama 632. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kichwani. Gia, speedo na breki za gari yako zilipangwa zikiijua.

Tuilinganishe na saizi zingine:

- 205/55 R16: ukuta 113, kimo chote 632
- 225/45 R17: ukuta 101, kimo chote 634
- 225/40 R18: ukuta 90, kimo chote 637
- 225/50 R18: ukuta 113, kimo chote 682

Umeona? Hizo tatu za kwanza zinakaribiana sana. Rimu imepanda lakini ukuta umeshuka, so gurudumu lote limebaki saizi ile ile. Ya nne ndiyo mtego. Msee amepata rimu za 18, akatafuta tairi yenye ukuta mnene ndiyo rimu isipasuke kwa mashimo, na sasa gurudumu limekua kwa asilimia 8. Mafundi wengi wanakuambia usizidishe asilimia 3, na wako na sababu.

Kuchomoka kunapungua

Umewahi panda baiskeli ya gia? Ukiwa kwa mlima unatafuta gia nyepesi. Gurudumu kubwa linafanya kinyume, ni kama umefungiwa gia nzito na huwezi kuitoa. Ukitoka 632 hadi 682, nguvu ya kusukuma gari kwa lami inapungua kama asilimia 7, kwa kila gia. Injini ni ile ile, mafuta ni yale yale, lakini mvuto haupo.

Halafu kuna uzito. Kilo ikiwa ndani ya buti inabebwa tu. Kilo ikiwa kwa ukingo wa gurudumu inabebwa na pia inazungushwa, so wakati unachomoka inaweza kuhesabika karibu kama kilo mbili. Rimu kubwa za bei rahisi mara nyingi ni nzito kuliko zile gari ilikuja nazo. Na venye rimu inapanuka, ule uzito unasonga mbali na katikati. Hata kama kimo chote kimebaki sawa, utasikia gari imechelewa kidogo ukikanyaga.

Kwa hii njia ya Webuye hadi Kitale mambo ni noma zaidi. Webuye iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Kitale iko karibu 1,900, so unaenda ukipanda. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Ukifika Kitale tayari umeacha karibu moja ya tano ya farasi wako njiani, hata kabla ya kugusa rimu. Turbo inaficha sehemu kubwa ya hiyo hasara. Kama yako ni Impreza ya kawaida, ile lita moja na nusu, huna farasi wa kugawia rimu. Na mahali utagundua ni pabaya: ukiwa umetoka kuipita lori ya miwa, nyingine inakuja mbele, na ndai haitaki kuvuta.

Kona na breki

Hapa tuwe wakweli, kuna kitu unapata. Ukuta mfupi haujikunji sana, so ukigeuza usukani gari inaitika chap. Tairi pana inashika lami kavu vizuri zaidi ukiwa kwa kona. Na rimu kubwa inaacha nafasi ya breki kubwa ndani. Hiyo ndiyo sababu magari ya spoti yanatoka kiwandani na 17 na 18. Breki zao hazitoshei kwa rimu ndogo.

Lakini ukiongeza rimu bila kuongeza breki, hujaongeza nguvu ya kusimama. Unasimamisha gurudumu zito zaidi na breki zile zile. Na kama kimo chote kimekua, breki imepoteza mshiko kwa njia ile ile injini ilipoteza. Mvua ya jioni nayo ina mambo yake. Tairi pana inaelea juu ya maji haraka kuliko nyembamba, hasa kama kashata zimeisha.

Speedo inakudanganya

Hii ndiyo watu husahau. Speedo inahesabu mizunguko, haijui umebadilisha saizi. Gurudumu likikua asilimia 8, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi ya ule speedo inajua. Speedo nyingi zinatoka kiwandani zikisoma juu kidogo, na hiyo akiba ndogo ndiyo unaimeza kwanza. Baada ya hapo, ukiona 100 unaweza kuwa umeipita, hadi 108.

Kilomita nane zinaonekana kidogo. Lakini umbali wa kusimama haupandi pole pole na spidi. Spidi ikipanda asilimia 8, kazi ya breki inapanda karibu asilimia 17. Sasa jiweke kwa mteremko wa kuelekea daraja la Kamukuywa, lori imesimama mbele, mtoto wa shule anavuka. Ndani ya senta sheria inataka 50. Wewe umetazama speedo, ukajiambia uko sawa, na hauko.

Odometa pia inaingia kwa huo uongo. Ikisoma kilomita 5,000, gari imeenda 5,400, na servisi imechelewa.

Mashimo hayaogopi luku

Hewa iliyo ndani ya tairi ndiyo shoka ya kwanza ya gari. Ukitoka kwa ukuta wa milimita 113 hadi 90, umetoa sentimita mbili na kidogo za mto. Ukiingia shimo, ukuta unabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu. Tairi inafanya uvimbe kando, rimu inapinda au kupasuka, na kile kimebaki kinaenda kwa shoka, bushi na boljointi. Ukiona uvimbe kwa ukuta wa tairi, usiusukumie wiki ijayo. Nyuzi za ndani zimekatika na tairi inaweza kupasuka ukiwa kwa spidi.

Kama unadhani haya ni maneno ya wazee, tazama wenye wanalipwa kukimbia. Safari Rally iliporudi kwa ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, Sébastien Ogier alishinda na Toyota Yaris yenye farasi wapatao 380. Rimu zake kwa changarawe? Inchi 15. Magari hayo hayo yakienda rali za lami yanawekwa 18. Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi siku ya mwisho, suspensheni ikamwangusha. Sasa kama timu zenye mabilioni zinachagua ukuta mnene ndiyo gari ifike, wewe unayerudi Naitiri usiku kwa murram unajaribu kushinda nani?

Mambaru ziko na sheria zake

Impreza nyingi zinasukuma magurudumu yote manne. Kwa hizo, matairi yote manne lazima yalingane saizi, aina na hata kiwango cha kuisha. Ukiweka mawili makubwa nyuma na madogo mbele juu doh imeisha, gia ya katikati inayogawa nguvu inafanya kazi bila kupumzika, inapata moto na inakufa. Kuitengeneza kunaweza kukutoa doh kuliko zile rimu zote.

Angalia pia mashimo ya nati. Impreza nyingi za zamani ni 5x100, lakini STI kuanzia 2005 ni 5x114.3. Zinakaribiana kwa macho, kwa boliti hapana. Fundi akikuambia atalazimisha, chukua funguo zako uende. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1. Kama la rimu ni kubwa zaidi, tafuta ringi za kujaza hiyo nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika 90.

Kabla utoe doh

- Fungua mlango wa dereva usome stika ya saizi ya kiwanda. Hiyo ndiyo base yako.
- Panda inchi moja, ama mbili kama lami ni safi kila siku. Kimo chote kisitoke nje ya asilimia 3.
- Uliza rimu ina kilo ngapi. Kama muuzaji hajui, tafuteni mizani.
- Kodi ya uzito isishuke chini ya ile ya kiwanda. Tairi zenye alama ya XL zinataka presha ya juu kidogo ndiyo zibebe uzito wao.
- Kwa tairi za mtumba soma namba nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na raba imezeeka.
- Jaza mbogi ndani ya gari, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, pita kwa tuta. Ukisikia tairi inakwaruza bodi, hiyo saizi haikutoshi.
- Linganisha speedo na GPS ya simu, mwenzako akiwa ndiye ameshika simu.

Ukiuliza tungechagua nini kwa Impreza ya 205/55 R16 inayoishi kati ya Bungoma na Kitale, jibu ni 17 nyepesi na 225/45. Unapata luku, unapata kona, na kimo chote kinaongezeka milimita mbili tu. Zile 18 waachie wenye lami ya kila siku na STI yenye breki za kuzijaza.

Na doh itakayobaki? Nunua matairi mapya manne na pedi za breki. Hakuna mtu atageuza shingo pale stage, lakini siku ile lori itasimama ghafla kabla ya daraja, hizo ndizo zitakurudisha nyumbani.