Mwaka 1970 katika safari za anga za juu

Mwaka 1970 mashine ziliwapita wanadamu angani. Japani (11 Februari) na Uchina (24 Aprili) zilirusha satelaiti zao za kwanza. Tangi la oksijeni la Apollo 13 lililipuka mwezi Aprili; wanaanga wake 3 walirudi salama bila kukanyaga Mwezi. Mwaka mzima hakuna mwanaanga aliyetoka nje ya chombo angani.

Wasovieti walitamba kwa roboti. Mwezi Septemba Luna 16 ilileta duniani takriban gramu 100 za udongo wa Mwezi, na Novemba gari la Lunokhod 1 likaanza kuzunguka huko likiongozwa kutoka duniani.

Kwa Afrika Mashariki, siku kuu ilikuwa 12 Desemba. Roketi ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikibeba satelaiti ya NASA. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, hivyo satelaiti ikapewa jina Uhuru. Eneo hilo lilifaa kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma zaidi roketi irushwayo kuelekea mashariki.

Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa astronomia ya eksirei, ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ilifikia vyanzo 339, kikiwemo Cygnus X-1, kinachotambuliwa leo kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2002.