Mtu wa mbali anapoingia kwenye kompyuta yako: tumia sandiboksi

Ukimpa mtu namba yako ya AnyDesk au TeamViewer na kumkubalia, anaona skrini yako yote na kuendesha kipanya kana kwamba amekaa kwenye kiti chako. Fundi mwaminifu atamaliza kazi na kutoka. Mwenye nia mbaya anaweza, kwa dakika chache, kunakili picha ya kitambulisho chako cha mkimbizi, kusoma barua pepe uliyoiacha wazi, au kuacha programu itakayomwezesha kurudi usiku.

Sandiboksi hupunguza hatari hiyo. Ni kompyuta ya muda inayofunguka kwenye dirisha ndani ya kompyuta yako, ikiwa tupu, bila faili zako. Windows 10 na 11 za aina ya Pro zinayo, kwa jina la Windows Sandbox. Za aina ya Home hazina. Inahitaji RAM ya GB 4, lakini kwa hiyo 4 itajikokota. 8 ni afadhali. Iwashe kwenye "Turn Windows features on or off", kisha uzime na kuwasha kompyuta.

Pakua AnyDesk ndani ya dirisha hilo. Kama ipo pia nje, utakuwa na namba mbili, na ni rahisi kuzichanganya: mpe mgeni ile ya ndani. Mkimaliza, funga dirisha. Kila kilichowekwa humo kinafutika.

Ina mipaka. Ulichonakili nje kinaweza kubandikwa ndani, kwa hiyo usinakili neno la siri wakati mgeni yumo. Na namba ya siri ya pesa za simu ukiiandika mwenyewe humo, ameshaiona.

Tena, fundi hawezi kutengeneza kompyuta yenyewe akiwa ndani ya sandiboksi. Inafaa kwa kufundishwa au kujaribu programu uliyotumiwa. Printa ikigoma, itabidi aingie nje. Hapo hamishia nyaraka zako kwenye flashi, uichomoe, toka kwenye barua pepe, na usiondoke mbele ya skrini.

Anayekupigia bila kumtafuta, akidai aone kompyuta yako ili aharakishe safari yako ya nchi ya tatu, usimkubalie hata kwenye sandiboksi. Huduma za UNHCR ni za bure.

Kama ameshaingia, kata intaneti kwanza, kisha badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine.