Pengo: Istilahi ya Kisichosemwa katika Simulizi za Kiebrania

Wanafasihi wa Kiswahili wana istilahi iliyokwisha kukubalika kwa namna mtunzi anavyowaumba watu wake: usawiri wa wahusika. Neno hilo limetoka Kiarabu, ni la ukoo mmoja na sura na taswira, nalo humfanya msomaji atarajie kuchorewa mtu. Anayeziendea simulizi za Kiebrania kwa matarajio hayo, hasa za kitabu cha Mwanzo na vitabu vya Samweli, mara nyingi hurudi mikono mitupu. Hatuelezwi umbo la Ibrahimu, wala aliwaza nini siku tatu alizosafiri kwenda kumtoa mwanawe sadaka. Erich Auerbach aliliona jambo hili katika Mimesis, kitabu cha 1946, alipokilinganisha kisa hicho na utendi wa Homer, ambamo kila kitu huanikwa. Mwaka 1968 Menakhem Perry na Meir Sternberg waliandika kwa Kiebrania makala juu ya Daudi na Bathsheba, wakaonyesha kwamba yaliyoachwa katika kisa kile yameachwa kwa mpango, na mwaka 1985 Sternberg akaikuza hoja hiyo kuwa nadharia kamili. Kile walichokitafuta napendekeza tukiite pengo, na ninadai kwamba nafasi yake ni katika usawiri, si katika msuko peke yake.

Kiswahili hakiiti kila mahali patupu pengo. Ufizi wa mtoto mchanga hauna pengo. Pengo liko katika kinywa chenye meno, na meno yaliyobaki ndiyo yanayolionyesha. Tofauti hiyohiyo ndiyo anayoisisitiza Sternberg. Msimulizi asipotaja rangi ya vazi la Uria, mume wa Bathsheba, hakuna anayeuliza. Asiposema kama Uria, alipokataa kwenda kulala nyumbani kwake, alikuwa amekwisha kujua habari za mkewe na mfalme, kisa chenyewe kinatulazimisha kuuliza, maana jibu moja linamfanya askari mnyofu na jibu jingine linamfanya mume anayemkabili mfalme kwa adabu kali. Hilo ni pengo. “Ukimya” hautoshi, kwa sababu mhusika naye anaweza kunyamaza hali sisi tunajua kila kitu. “Uwazi” siku hizi umeelekea kwenye utawala bora, na “mwanya” unanukia fursa. Taharuki nayo ni jambo jingine: hutegemea ahadi kwamba tutajua baadaye, ilhali mapengo mengi ya Kiebrania hayazibwi kamwe.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni Mikali, binti wa Sauli. Katika 1 Samweli 18 msimulizi anatamka waziwazi kwamba Mikali alimpenda Daudi, kauli ya nadra sana katika simulizi hizi, ambamo kwa kawaida ni mwanamume anayesemwa kumpenda mwanamke. Kuhusu moyo wa Daudi tunaambiwa tu kwamba lilimpendeza kuwa mkwe wa mfalme. Sura inayofuata Mikali anamshusha mumewe dirishani, analaza sanamu kitandani na kumdanganya baba yake ili Daudi apone. Baadaye, kwa sentensi moja ya kupita, tunasikia kwamba Sauli amemwoza kwa Palti. Miaka inakwenda. Daudi, sasa mfalme huko Hebroni, anajadiliana na Abneri, aliyekuwa jemadari wa Sauli, juu ya ufalme wa nyumba ya Sauli, na sharti lake ni kwamba Mikali arudishwe. Mume wa pili anamfuata akilia njia nzima hadi Bahurimu, mpaka Abneri anapomwamuru arudi, naye anarudi. Machozi ya Palti yameandikwa. Ya Mikali, kama yalikuwapo, hayakuandikwa. Hana hata neno moja. Tunapomwona tena, katika 2 Samweli 6, anachungulia dirishani, anamwona Daudi akicheza mbele ya sanduku la agano, na anamdharau moyoni. Usiku ule wa kutoroka aliitwa mke wa Daudi; hapa anaitwa binti Sauli mara tatu. Kati ya pendo na dharau hiyo kuna mwanamke mzima, na msomaji ndiye anayepaswa kumjenga kwa vipande alivyopewa.

Mtu atasema kwamba waandishi wa kale hawakuwa na ufundi wa kuingia moyoni mwa mhusika. Lakini mwandishi huyu ameingia moyoni mwa Mikali alipopenda na alipodharau. Njia anaijua, na katikati ameamua kutoipita. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba vitabu hivi vimeunganishwa kutoka vyanzo kadhaa na kunakiliwa kwa mkono, hivyo baadhi ya mapengo ni ajali tu. Hilo ni kweli. Katika 2 Samweli 21:8 matini ya Kiebrania iliyopokewa inampa Mikali wana watano, ingawa sura ya 6 inasema hakuzaa, na wataalamu wengi huona kwamba jina la dada yake, Merabu, ndilo lililokusudiwa. Huo ni mgongano wa matini, na kuusifu kama sanaa ni kujidanganya. Kipimo changu ni hiki: pengo la kisanaa lina ushahidi pembeni yake, kama kilio cha Palti na yale majina yanayobadilika, ushahidi unaomwongoza msomaji na kumzuia asijaze apendavyo.

Wapo pia waumini watakaoona kwamba kulitaja pengo katika Maandiko ni kuyatia dosari. Marabi wa Talmudi hawakuogopa. Katika mjadala wa Sanhedrin walieleza kwamba Merabu alizaa na Mikali akalea, na tena kwamba Mikali hakuwa na mtoto hadi siku ya kufa kwake, lakini siku hiyohiyo alipata. Waliliheshimu andiko kwa kuliuliza. Swali gumu zaidi linamwangukia mfasiri wa Kiswahili. Mstari unaotaja utasa wa Mikali, mara baada ya ugomvi wake na Daudi, unafunguliwa kwa kiunganishi cha herufi moja, vav, kilichobandikwa kwenye jina lake. Haukusema kama Daudi alimkwepa, kama yeye ndiye aliyekataa, au kama Mungu alimfunga tumbo. Mfasiri akiandika “kwa hiyo”, ametoa hukumu ambayo Kiebrania hakikuitoa. Hata “basi” inaegemea upande. “Naye” inaliacha pengo mahali pake.