Blogu na zana za mtandaoni katika biashara ndogo

Blogu na zana nyingine za mtandaoni zinazotumiwa na biashara ndogo ni huduma za intaneti na simu ambazo mwenye duka, fundi, mfugaji au mama lishe anaweza kuziendesha mwenyewe, bila kuajiri mtaalamu wa kompyuta, ili kutangaza bidhaa, kupokea malipo, kutunza hesabu na kuzungumza na wateja. Ulaya na Marekani tovuti na barua pepe zilitangulia, malipo yakafuata. Kenya na Tanzania mambo yalikwenda kinyume: fedha ya simu ilienea kabla watu wengi hawajagusa kompyuta, ikawazoesha wafanyabiashara kuikabidhi simu kitu wanachokilinda kuliko vyote. Kwa hiyo historia ya zana hizi Afrika Mashariki inaanzia kwenye pesa, na sehemu kubwa ya uvumbuzi wake ilifanywa na watumiaji wenyewe.

Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu biashara ndogo na za kati inaihesabu biashara ya watu 1 hadi 4 kuwa ndogo sana, na ya watu 5 hadi 49 kuwa ndogo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inaweka mpaka wa biashara ndogo sana chini ya wafanyakazi 10. Hesabu hizi zinaeleza kwa nini zana nyingi nzuri hushindwa. Anayeongoza biashara ya watu wawili ndiye muuzaji, mtunza fedha na mpokea mzigo, na huenda jioni ndiye anayefagia. Programu inayomtaka akae saa nzima kila siku akijaza takwimu ataiacha ndani ya mwezi, hata kama ni ya bure.

Fedha ya simu

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya tarehe 6 Machi 2007, lakini majaribio yake yalianza Oktoba 2005. Vodafone, ikiongozwa katika mradi huo na Nick Hughes na Susie Lonie na ikisaidiwa kwa fedha na idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza, ilikuwa imebuni njia ya wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya kulipa marejesho yao kwa simu. Lengo lilikuwa hilo tu. Waliopewa simu za majaribio wakaanza kufanya mengine: mmoja alimlipia mwenzake rejesho na kudai fadhila kwa njia nyingine, wafanyabiashara wakalipana wao kwa wao, wengine wakaweka mauzo ya siku kwenye simu usiku ili wasitembee na noti. Waendeshaji waliyaona hayo na wakawa na busara ya kuyafuata. Huduma ilipofika sokoni, ahadi yake ilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mkopo ambao ndio uliokuwa chanzo ukawekwa kando.

Hata kabla ya hapo, watafiti walikuwa wamewaona watu wa Uganda, Ghana na Botswana wakitumiana muda wa maongezi kana kwamba ni fedha. Mwenye kioski aliyepokea salio na kutoa noti alikuwa tayari ni wakala, kabla kampuni yoyote haijampa jina hilo. Hili halipewi uzito wa kutosha katika maandiko ya uvumbuzi, ambayo hupenda kumtaja mhandisi na kumsahau mchuuzi. Yeyote anayetaka kujua zana ipi itafuata angefanya vyema kuchunguza jinsi zana za leo zinavyotumiwa nje ya maelekezo yake.

Vodacom iliileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikaanzisha huduma zao. Kuanzia 2014 kampuni hizo zilianza kuruhusu fedha ivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kwa muuza nguo hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu sasa hakuhitaji kubeba laini tatu ili asimpoteze mteja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha pesa ya duka na pesa ya nyumbani. Mwaka 2013 Safaricom ilianzisha Lipa na M-Pesa, ambapo mteja hulipa kwa namba ya duka (till) badala ya namba ya simu ya mwenye duka. Tanzania utaratibu kama huo unajulikana kwa jina la Lipa Namba. Wachuuzi wadogo zaidi waliendelea kupokea malipo kwenye namba zao binafsi, na hasara ya hilo walikuwa wakiifahamu: ada ya mtoto, mchango wa harusi na mauzo ya nyanya vyote viliingia mfuko mmoja, na mteja asiye mwaminifu aliweza kuondoka na mzigo kisha akaomba muamala urudishwe. Pochi la Biashara, huduma nyingine ya Safaricom, ililenga hasa matatizo hayo mawili. Humpa mchuuzi mfuko wa pili kwenye laini ileile, na mteja hawezi kujirudishia malipo bila mchuuzi kukubali.

Kumbukumbu na mkopo

Faida kubwa ya malipo ya simu si kasi. Ni kwamba kila muamala huacha alama. Biashara nyingi ndogo zimeishi miaka mingi kwa daftari la madeni na kumbukumbu ya kichwani, na benki haikopeshi kichwa cha mtu. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari, ambapo mteja aliweza kupata mkopo mdogo kwa kupimwa jinsi anavyotumia simu na fedha yake, bila hati ya nyumba wala mdhamini. Wengine wakaiga, Kenya na nje ya Kenya.

Madhara yalikuja upesi. Programu za mikopo zilichipuka kwa wingi, baadhi zikitoza riba kali kwa mikopo ya siku chache, na nyingine zikisoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji ili zimwaibishe kwa ndugu na wateja wake akichelewa kulipa. Kenya ilizibana kwa kanuni za mwaka 2022 zilizowataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni ya Benki Kuu. Mkopo wa wiki mbili unafaa kununulia mzigo utakaouzwa wiki hii. Kulipia kodi ya pango kwa mkopo huo ni kujichimbia shimo, na meneja anayetazama taarifa ya miamala ya duka lake kabla ya kukopa ataliona hilo mapema.

Blogu

Huduma ya Blogger ilianzishwa na Pyra Labs mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, mwaka uleule ilipotoka WordPress. Zote mbili ziliondoa ulazima wa kujua lugha za kompyuta ili kuchapisha. Katika Kiswahili jina la Ndesanjo Macha, mwandishi wa blogu ya Jikomboe, hutajwa miongoni mwa waliofungua njia. Mwaka 2005 mpigapicha wa magazeti Issa Michuzi alianzisha blogu ambayo ilikuja kuwa baraza la Watanzania walio nyumbani na walio ughaibuni. Picha za harusi, misiba, mikutano na mitaa ziliwarudisha wasomaji kila siku, na matangazo yakafuata wasomaji. Michuzi alithibitisha jambo ambalo wenye biashara walichelewa kulijifunza: kinachomrudisha msomaji ni uhakika kwamba akirudi kesho atakuta kitu kipya.

Kenya, Ory Okolloh aliandika blogu ya Kenyan Pundit, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimfanya yeye na wenzake, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waanzishe Ushahidi, ramani ya kukusanya taarifa za wananchi kwa simu na mtandao. Kutokana na kundi hilo la wanablogu na waandika programu, Hersman alianzisha iHub jijini Nairobi mwaka 2010, ukumbi ambamo vijana wenye mawazo ya biashara walipata intaneti ya kuaminika na watu wa kushauriana nao. Intaneti yenyewe ilikuwa imebadilika. Hadi 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, yenye gharama kubwa na mwendo wa kuchosha. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika, na EASSy ikafuata 2010.

Kwa biashara ndogo, blogu haina budi kuwa tofauti na gazeti. Ile inayofanya kazi hujibu maswali ambayo wateja huuliza kaunta. Fundi wa pampu za maji anaulizwa kila wiki pampu gani inafaa kisima cha kina fulani, na umeme wa jua utatosha au hautoshi. Akiyaandika majibu hayo kwa utaratibu, na picha za kazi alizozifanya kweli, mtu wa mkoa mwingine anayetafuta kwenye Google atamkuta, leo na hata miaka mitatu ijayo. Stetasi ya WhatsApp hufa baada ya saa 24. Maandishi ya Kiswahili kuhusu ufundi, kilimo na mashine bado ni machache mtandaoni, na fundi anayeandika Kiswahili safi chenye vipimo na bei ana nafasi ya kuonekana ambayo mwenzake anayeandika kwa Kiingereza haipati kwa urahisi.

Anwani ni jambo la pili. Blogu iliyo chini ya jina la biashara yenyewe, lenye mwisho wa .co.ke au .co.tz, inaweza kuhamishwa kutoka mtoa huduma mmoja hadi mwingine bila wasomaji kuipoteza. Majina hayo husimamiwa na KeNIC kwa Kenya, na Tanzania mamlaka ya mawasiliano ndiyo yenye dhamana. Jina lisajiliwe kwa mwenye biashara. Kijana anayetengeneza tovuti akilisajili kwa jina lake mwenyewe, siku wakikosana biashara itajikuta haina mlango.

Mitandao ya kijamii

WhatsApp Business ilitolewa Januari 2018 na ikapata haraka watumiaji ambao hawajawahi kufikiria kuwa na tovuti. Orodha ya bidhaa yenye picha na bei, majibu ya haraka, na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayedaiwa vinamtosha muuzaji mwenye wateja mia mbili. Instagram ilimpa fundi wa samani na mshonaji dirisha la kuonyesha kazi, na katika miji mingi imekuwa kawaida mteja kufika na picha aliyoitoa huko.

Tatizo la dirisha hili ni kwamba ni la kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Tanzania imepitia zaidi ya hapo: mitandao ilibanwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na mwaka 2025 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba. Muuza keki aliyekuwa na oda zote ndani ya mazungumzo ya WhatsApp hakuwa na njia ya kujua nani anasubiri nini. Namba za wateja, oda ambazo hazijatimizwa na madeni vinapaswa kunakiliwa kila wiki mahali pengine, hata kama ni kwenye daftari la karatasi, na mteja mkubwa awe na namba ya kupigiwa simu ya kawaida.

Sheria na ada

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wajisajili na kulipa shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni. Kwa chombo kikubwa cha habari hizo si fedha za kutisha, ila kwa mtu anayeandika mapishi ili auze viungo vyake zilizidi mtaji. Blogu kadhaa zilinyamaza, na jukwaa la mijadala la JamiiForums lilifunga huduma kwa muda Juni mwaka huo. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini waandishi wengi wadogo walikuwa wameshahamia mitandao ya kijamii, na maarifa waliyokuwa wakiyaweka mahali panapotafutika yakahamia kwenye video fupi na makundi yaliyofungwa. Hasara hiyo ni ya lugha nzima.

Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021 iliwagusa wafanyabiashara moja kwa moja. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba Septemba mwaka huohuo ilishushwa kwa asilimia 30, na ikapunguzwa tena mwaka uliofuata.

Wenye biashara wachache wanafahamu kuwa orodha ya wateja nayo ina sheria yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake 2022. Duka linalokusanya majina, namba na tarehe za kuzaliwa ili litume ofa linatakiwa kumweleza mteja kusudi hilo, lisiziuze namba zake kwa wengine, na limwondoe kwenye orodha anapoomba. Kumwingiza mteja kwenye kundi la WhatsApp bila idhini yake ni kuianika namba yake mbele ya wageni wote waliomo humo. Orodha ya matangazo, ambayo hupeleka ujumbe kwa kila mteja peke yake, imo ndani ya programu hiyohiyo na inafanya kazi ileile bila kumfichua mtu.